Chumba Hiki ni Mali ya Nyuki

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Nyuki wa Majumbani inautangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna nyuki atakayeishi katika nyumba ya mtu bila kujulikana ni nyuki wa aina gani. Enzi ya nyuki holela imekwisha.

Mimi ndiye msemaji wa Idara. Tangazo hilo niliandika mimi. Mkurugenzi akaongeza "kuanzia sasa," likawa lake.

Watu wasio na subira wameuliza: nyuki wakiingia nyumbani, si unamwita mfuga nyuki, anakuja jioni na moshi wake, anawahamisha, basi? Hilo ni wazo zuri kwa mtu asiye na idara. Sisi tunayo.

Kwanza lazima umjue nyuki. Kamati ya Utambuzi imekaa vikao vingi juu ya jambo hili, na chai haikuwahi kupungua. Yupo nyuki wa asali, anayejenga ndani ya ukuta au darini, anaishi na ukoo mzima na kukasirika na ukoo mzima. Huyu tumempa daraja la mtumishi wa kudumu. Yupo nyuki seremala, mweusi, mnene, anayekuja peke yake na kutoboa boriti ya paa lako tundu la mviringo kama la keekee. Kelele nyingi, madhara kidogo: huyo ni mkandarasi. Yupo pia nyuki mdogo asiyeuma, ambaye kazi yake ni kukuingia machoni na masikioni. Kwa kuwa hana mwiba, Kamati iliona hana hoja. Nyigu si nyuki, lakini alihudhuria kila kikao, kwa hiyo tulimpa hadhi ya mwalikwa.

Kifungu cha kanuni zetu anachokipenda Mkurugenzi kuliko vyote ni hiki: chumba chenye nyuki ambao hawajatambuliwa kifungwe pamoja na kila kilichomo. Mlango upigwe lakiri nyekundu na kubandikwa karatasi isemayo CHUMBA HIKI NI MALI YA NYUKI.

"Na mwenye chumba, mkubwa?" niliuliza.

"Huyo ni mdau," akajibu.

Mdau wa kwanza alikuwa jirani yetu, fundi wa nguo ambaye mtaa mzima humwita Sindano, kwa sababu ya kazi yake na zaidi kwa sababu ya ulimi wake. Chumba chake na ofisi ya Mkurugenzi vimepakana kando ya uchochoro. Ukuta ni mmoja. Nyuki walikuwa wameingia kwenye tundu lililo juu ya mlango wake, lililoachwa na bomba la zamani. Alikuja kwetu kuulizia mfuga nyuki. Tukampa lakiri.

Ndani ya chumba kulikuwa na cherehani yake, na gauni la harusi la mdogo wake, lililobakiza kutiwa mkono mmoja. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Kaka, niachie cherehani tu na gauni," alisema nilipokuwa nikiyeyusha lakiri. "Hao nyuki hawajui kushona."

"Hilo halijathibitishwa, dada."

"Nini?"

"Aina yao haijulikani. Hatuwezi kusema wanajua nini na hawajui nini."

Mdogo wake, aliyekuwa ameegemea ukuta wa uchochoro, akaanza kulia taratibu.

"Kwa hiyo mtoto wa watu aolewe na mkono mmoja?"

"Anaweza kujifunika shali."

Sindano alinitazama kama mtu anayepima kitambaa chenye kasoro. "Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Anajua unafanya kazi gani?"

"Anajua niko ofisini."

"Basi mwache ajue hivyo hivyo."

Kamati ilikwenda kutambua. Utaratibu wetu unataka nyuki atambuliwe akiwa ametulia, na hakuna aliyetulia. Mjumbe mmoja alisogea karibu ili aone vizuri, akarudi na mdomo uliovimba kiasi kwamba hakuweza kutoa maoni. Ndipo Mkurugenzi akaonyesha uongozi: akaagiza tundu lizibwe kwa saruji asubuhi na mapema, nyuki wakiwa bado ndani.

"Asiyetoka haumi," alisema. Ni methali yake mwenyewe.

Uchochoro ukawa kimya. Sindano akaja kuuliza kama sasa atafunguliwa. Nikamweleza kwa upole kwamba nyuki aliyezibwa bado ni nyuki ambaye hajatambuliwa, na sasa kumtambua kumekuwa kugumu zaidi, maana haonekani.

"Na wakitokea upande wa pili?" aliuliza mdogo wake, akipangusa kamasi.

"Upande wa pili ni sisi," nilimwambia. "Hawathubutu."

Ijumaa ilikuwa siku ya uzinduzi wa Wiki ya Utambuzi. Mkurugenzi alivaa suruali mpya, ya kubana, akaketi ofisini kwake na Kamati nzima kungoja mgeni rasmi. Alikuwa akijisomea hotuba yake nilipomwona mdudu akichungulia kwenye tundu la waya wa simu, nyuma ya kiti.

"Mkubwa, kuna nyuki."

"Wa aina gani?"

"Sijui."

"Basi usiseme nyuki. Sema mdudu."

Mdudu akatua juu ya hotuba. Akafuatwa na mwingine. Kisha ukuta wote ukaanza kunguruma, na Mkurugenzi akatamka neno ambalo halikuwamo kwenye hotuba. Mlango ulikuwa umezibwa na Kamati, ambayo kwa mara ya kwanza tangu iundwe ilikuwa na msimamo mmoja. Akapita dirishani. Komeo la dirisha likaikamata suruali mpya na kuichana kutoka kiunoni hadi sehemu ambazo Idara haizitolei taarifa.

Dirisha hilo linatazama uchochoro. Aliangukia mbele ya mlango wenye lakiri, ambapo Sindano na mdogo wake walikuwa wameketi kizingitini.

"Karibu, mkubwa," alisema Sindano.

Mkurugenzi alisimama haraka, akaubandika mgongo ukutani. "Fundi, nishonee hapa hapa. Mgeni rasmi yuko njiani."

"Cherehani iko ndani."

"Basi kwa mkono."

"Uzi uko ndani. Mkasi uko ndani. Vyote ni mali ya nyuki, imeandikwa hapo mlangoni. Geuka usome."

Hakuweza kugeuka.

"Msemaji," aliniita nilipofika nikizunguka kutoka mlangoni, "ng'oa hiyo lakiri."

Nilimkumbusha kwamba lakiri haing'olewi mpaka nyuki watambuliwe, au Mkurugenzi atamke hadharani kwamba chumba hakina nyuki.

"Hakina nyuki," akanong'ona.

"Umejuaje?" aliuliza Sindano. "Mimi niliambiwa haijulikani."

Mkurugenzi alitazama dirisha alilotokea. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Muuza maji alikwishatua madumu yake.

"Kwa sababu wamehamia kwangu."

"Mkubwa, tangazo ulilitoa kwa sauti," alisema Sindano. "Hili nalo mtaa unataka kulisikia."

Akalisema kwa sauti. Mtaa ukalisikia, na muuza maji akaomba lirudiwe.

Nikang'oa lakiri. Sindano aliingia, akapangusa vumbi kwenye cherehani, akalitandaza gauni.

"Na suruali?" aliuliza Mkurugenzi kutoka ukutani.

"Foleni, mkubwa. Gauni lina mkono mmoja. Suruali yako bado ina miguu miwili."

Akamrushia kipande cha pazia la maua ya waridi ajisitiri. Mgeni rasmi alipofika alimkuta Mkurugenzi kwenye benchi la wateja wa Sindano, akingoja zamu yake ndani ya pazia. Nilimfafanulia kwamba hilo ni vazi la uzinduzi. Aliitikia kwa kichwa, akauliza kwa nini hatuingii ofisini.

Sheria ni msumeno. Karatasi niliyoibandua kwa Sindano ilikuwa na gundi bado, nami nilikuwa nimekwisha kuibandika penye mlango wa Mkurugenzi na kupiga lakiri. Alinikataza kwa macho, lakini macho si waraka.

Bibi harusi aliolewa Jumamosi, mikono yote miwili. Ofisi yetu ingali imefungwa. Kuwatambua nyuki wake hatuwezi, maana picha za kuwatambulia zimo ndani. Mfuga nyuki yupo tayari kuja hata leo jioni, lakini barua ya kumwita inahitaji muhuri, na muhuri ni mali ya nyuki.

Kwa sasa Idara inafanyia kazi zake kwenye benchi la Sindano, wakati ambapo halina wateja. Jana alisimamisha cherehani, akatukazia macho.

"Jamani, mnavuma mno. Hata wale wa ukutani walikuwa na adabu."

Tumeyapokea maoni hayo na kuunda kamati ndogo ya kubaini ni maoni ya aina gani. Itakutana mara tu fundi atakapotupa ruhusa ya kukaa.