Undugu Uliokataliwa Ng'ambo ya Reli

Merrylands, Sydney
14 Septemba 2021

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

YAH: SUFIAN KUNYIMWA UNDUGU NA SHULE YAKO

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na walimu wako, na barakoa zenu zikiwa zimekaa juu ya pua, si chini ya kidevu kama nilivyomwona bwana mmoja getini kwenu. Sisi hatujambo. Tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona pamoja na magharibi yote ya jiji, helikopta ya polisi inapita juu ya paa kutuangalia kama tumetulia, na chai ipo.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu yako mwenyewe. Kwenye ukuta wa shule yako, kati ya maneno ya lugha nyingi, mmechora neno KARIBUNI kwa rangi ya buluu. Nilifundisha lugha hii Tanga kwa muda mrefu kuliko umri wa ukuta huo, na ninajua kwamba mtu haandiki karibuni mlangoni pake kama hakusudii kusema na anayeitika. Basi tumeitika. Tumekaribia, na tumeambiwa tungoje nje.

Kisa chenyewe ni hiki. Wajukuu wangu wawili, Sufian na Ghaliya, wanamaliza darasa la sita, na mwakani wanaanza sekondari. Sufian ni mtoto wa mwanangu mkubwa, Twalib, anayeendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany. Ghaliya ni mtoto wa mdogo wake, Mahfudh, anayefua mashuka ya hospitali kule Westmead. Sote tunakaa nyumba moja, upande wa huku wa reli. Shule yako iko upande wa kule. Kwa watoto wa huku mlitenga nafasi chache, mkazipigia kura kwa kompyuta. Jina la Ghaliya lilitoka. La Sufian halikutoka. Tukaomba aingie kwa kanuni yenu wenyewe, isemayo kwamba ndugu wa aliyepata nafasi atangulizwe. Mkatujibu kwamba hao si ndugu. Ghaliya anatakiwa kuikubali nafasi yake kabla ya Ijumaa ijayo, naye amesema haendi bila Sufian.

Naomba niyapange malalamiko yangu, maana malalamiko yasiyopangwa ni kelele.

1. Kuhusu kura. Sina ugomvi na kura. Mlituandikia kwamba kura haina upendeleo, haimjui tajiri wala maskini. Nimefurahi kusikia. Nikauliza watoto wa upande wa kule walipigiwa kura siku gani, nikaambiwa wao hawapigiwi, wao wanaingia tu, kwa kuwa wanakaa karibu. Wanakaa karibu kwa kuwa wazazi wao waliweza kununua nyumba karibu. Kwa hiyo shule ni ya bure, ila tiketi yake ni nyumba. Kama kura ni dawa nzuri hivyo, si haki kutunywesha sisi peke yetu. Napendekeza majina yote ya pande zote mbili yatiwe chungu kimoja, na wewe mwenyewe ukoroge.

2. Kuhusu undugu. Karani wako alinipigia simu, na kwa sauti ya mtu anayembembeleza paka ashuke mtini, akanifahamisha kwamba watoto wa kaka wawili hawahesabiwi kuwa ndugu. Namshukuru kwa subira yake. Hata hivyo, kwetu Twalib ni baba wa Sufian na ni baba mkubwa wa Ghaliya. Mahfudh ni baba wa Ghaliya na ni baba mdogo wa Sufian. Ukubwa na udogo huo ni wa umri. Ubaba ni ule ule, na ukitaka ushahidi njoo siku mmojawapo wa watoto hawa amevunja kitu, uone anakemewa na wangapi. Watoto wenye baba wale wale ni ndugu. Hili si jambo la kupigiwa simu.

3. Kuhusu serikali kutuhesabu mara mbili. Mwezi uliopita dereva mmoja bandarini alipatikana na korona, na Twalib alikuwa amesimama karibu naye. Watu wa afya walitupigia simu. Nikawaeleza, kwa ukweli, kwamba ndani ya nyumba hii mna familia mbili, na kwamba Mahfudh na watu wake wanatumia choo cha nyuma. Mama wa watu akaniambia kwa ukali kidogo kwamba kwao sisi ni nyumba moja, familia moja, tukae ndani sote. Tukakaa. Sasa naomba kufahamishwa: inakuwaje korona ikija sisi ni familia moja, na nafasi ya shule ikija sisi ni mbili?

4. Kuhusu Sufian mwenyewe. Hapa naomba uweke kalamu chini usome taratibu. Sufian ana kigugumizi. Hesabu zake ni safi kuliko za mtoto yeyote niliyepata kumfundisha, lakini jibu linamchukua muda kutoka mdomoni, na watu wana haraka. Ghaliya humngojea. Hamsaidii neno, hammalizii sentensi. Anakaa kimya akiwatazama wenzake mpaka nao wanyamaze, nao hunyamaza, kwa kuwa wanamwogopa. Darasa lao lote limejifunza kungoja kwa njia hiyo. Shule ya upande wetu ni njema, lakini walimu wake wa hesabu huja na kuondoka kama wageni wa harusi, na sidhani mgeni anayetazama saa atamngojea Sufian amalize.

Barua yenu ilipofika tulikuwa mezani. Ghaliya alisema haendi, kwa Kiingereza, nikamtaka arudie kwa lugha ya watu, akarudia. Sufian akamwambia asijitie ushujaa, anaogopa hesabu tu huyo. Ghaliya akasema afadhali kuogopa hesabu kuliko kuogopa kubaki bila wakili. Wakacheka wote wawili, na hakuna aliyemaliza chakula chake.

5. Kuhusu Ketsia. Jirani yetu, Mama Honorine, ni Mkongo wa Bukavu, Mkristo, mtu wa heshima zake. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na akiwa kazini binti yake, Ketsia, hula kwetu, husoma kwetu, na huniita Bibi. Nilimwuliza Mama Honorine kama anaona ubaya. Akaniambia, kwa Kiswahili chao ambacho nimekwisha acha kukisahihisha, kwamba mutoto ni wa yule anamulisha. Kwa kanuni hiyo Ketsia ni mjukuu wangu, na kwa hiyo ni dada wa Ghaliya. Naye anamaliza darasa la sita, na jina lake halikutoka kwenye kura. Mtangulizeni.

6. Kuhusu maneno yako mwenyewe. Nimeitazama ile video uliyowatumia wazazi, iliyopigwa ukiwa sebuleni kwako na mbwa wako. Ulisema, na nimeirudia mara kadhaa ili nisikusingizie, kwamba shule yenu ni familia moja kubwa. Ghaliya amekwisha kukubaliwa. Basi yumo katika familia hiyo. Wanafunzi wako wote ni ndugu zake. Ndugu zake ni ndugu wa Sufian na wa Ketsia. Hivyo wanafunzi wako wote wana ndugu upande wa huku wa reli ambao bado hawajatangulizwa, na mtaa wetu una watoto wengi. Sidai waandikishwe wote leo.

7. Kuhusu nafasi. Mtasema shule imejaa. Shule yenu kwa sasa haina mtu, Mheshimiwa. Masomo yanakuja kwenye kompyuta, juu ya meza yangu ya kulia chakula, na kila mtoto ni kisanduku. Kisanduku kimoja zaidi hakivunji ukuta. Mkianza nao sasa, siku mkifungua milango watakuwa wenyeji, na mwenyeji hafukuzwi.

Kwa kifupi, naomba Sufian apokewe, Ketsia apokewe, kura ipigiwe watu wote, na reli ibaki kuwa njia ya treni. Narudisha pia barua yenu ya majibu. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu; mmepata alama za kuridhisha, ila aya ya pili haina huruma.

Nisalimie karani wako, na bwana wa barakoa ya kidevuni, na yeyote aliyelichora lile neno la buluu, kwani herufi zake zimenyooka. Msalimie na mbwa. Twalib, Mahfudh, wake zao na Mama Honorine wanakusalimu. Watoto nao wanakusalimu, mmoja haraka na mmoja taratibu.

Mimi, bibi wa wote waliotajwa,
Bi Zuwena binti Nassor
Mwalimu mstaafu

Tanbihi: Nimeambatanisha karatasi nyingine ambayo haihusiani kabisa na hayo ya juu. Kaka yake Sufian, Hemed, mtu mzima mwenye kazi yake Melbourne, anamwoa dada yake Ghaliya, Sabiha, mara mipaka ya majimbo ikifunguliwa. Wamependana wenyewe na sisi tumeshukuru Mungu. Karani wa ndoa, baada ya kuona kwamba babu yao ni mmoja, ana wasiwasi, na anataka tamko lililoshuhudiwa na mtu wa kuaminika. Nimeambiwa mkuu wa shule anafaa. Tafadhali tia saini chini ya maneno haya niliyoyaandika: "Mtoto wa Twalib na mtoto wa Mahfudh si ndugu hata kidogo. Ni binamu tu, na binamu ni mtu wa mbali." Ukiona maneno hayo hayatoshi, karani wako analieleza jambo hili vizuri sana, anaweza kuongeza. Harusi ikipita, Sufian na Ghaliya watakuwa mashemeji. Nimezipitia kanuni zenu za kutanguliza na sikuona mahali palipoandikwa shemeji. Naomba paongezwe kabla ya Ijumaa.