Kitako cha Kombe la Mkoa

Jumatatu, 3 Agosti

Fainali ni Jumamosi. Stesheni na Machinjioni, kama mwaka jana. Nimeamka na wazo. Mke wangu akauliza mbona nacheka peke yangu kitandani. Nikamwambia jino linaniuma. Hakuridhika.

Wazo linahusu kitako. Kwa anayesoma shajara hii bila ruhusa (mama watoto, najua ni wewe) nitaeleza tena. Mwaka wa pili wa Kombe la Mtoano la Mkoa, manahodha wa Posta na Magereza walilivuta kombe kila mmoja upande wake mpaka likaachana na kitako chake cha mbao. Kamati ikaamua palepale: mshindi aende na kombe, aliyeshindwa aende na kitako akae nacho mwaka mzima. Na achonge yeye mwenyewe kibati chenye jina la aliyemfunga, mwaka na magoli, akikaze kwenye kitako. Ili adabu imwingie. Siku ya fainali inayofuata vipande viwili vinakutana tena uwanjani. Ndivyo ilivyo hadi leo.

Stesheni tumecheza fainali tisa. Tumeshindwa zote tisa. Kitako kimekaa kwetu kuliko baadhi ya wachezaji wetu. Kipo juu ya kabati kibandani kwangu, ninapochonga mihuri na namba za milango. Mimi ndiye katibu wa klabu na mimi ndiye mchongaji. Kwa mkono huu nimechonga Hospitali. Nimechonga Magereza mara mbili. Nimechonga Walimu, waliotufunga kwa mpira uliogonga mgongo wa refa ukabadili njia. Machinjioni wa mwaka jana sijawachonga bado. Kila nikishika patasi mkono unagoma.

Na imebaki nafasi moja tu. Mbao imejaa vibati kuzunguka. Baada ya kibati hicho kimoja, seremala atengeneze kitako kipya.

Sasa tatizo. Ukishinda unaondoka na kombe, lakini jina lako unaliona mwaka unaofuata. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Mikono, alidaka kwenye fainali zetu tatu za mwanzo. Macho yake yameingia ukungu, vibati anavisoma kwa vidole. Leo alipita kibandani, akavipapasa vyote mpaka kwenye nafasi tupu. Kidole kikabaki pale. Nikajifanya natafuta sandpepa. Mwaka ni mrefu kwa mtu wa umri wake.

Kwa hiyo nitachonga jina letu sasa hivi. Mikono alipapase Jumamosi hiyohiyo. Klabu itajua nani wa kumrithi uenyekiti. Ajabu hakuna aliyewahi kuwaza hili!

Jumanne, 4 Agosti

Nimechonga. STESHENI, mwaka, 2–1. Nilifikiria 2–0, nikaona ni majivuno. 1–0 ni ubahili. Nimekikaza kwenye ile nafasi ya mwisho kwa skrubu nne. Kinang'aa. Nilikaa nikikitazama mpaka chai ikapoa.

Akaingia Shemeji. Ni kaka wa mke wangu, mwenye bucha, mwenyekiti wa Machinjioni. Huongea kama mteja yuko ng'ambo ya barabara. Nilitupa aproni juu ya kitako nikakikalia. Akauliza kiko wapi. Nikasema kwa seremala, kinapigwa vanishi. Akasema vizuri, maana keshokutwa Kamati inakuja kukikagua naye atakuja nayo, aone jina la Machinjioni kwa macho yake. Kisha akaagiza chai, akasimulia goli lao la mwaka jana mwanzo mpaka mwisho. Halafu akalirudia kwa upande wa beki.

Skrubu zile zimeniachia alama. Nimekula chakula cha jioni nimesimama. Mke wangu akauliza kama jino limehama.

Jumatano, 5 Agosti

Akili ikifanya kazi haiulizi saa. Nimechonga kibati cha pili, MACHINJIONI, cha mwaka jana, chembamba. Nitakibandika juu ya chetu. Kamati watakiona cha juu. Jumamosi tukishinda nakibandua kimyakimya, chetu kinabaki. Wakiuliza jina la Machinjioni liko wapi, nitasema limedondoka, tutalitafuta. Ndege wawili kwa jiwe moja, na mmoja wao ni Shemeji!

Gundi nimeomba kwa fundi viatu jirani. Akauliza nataka ya kushika sana au kidogo. Nikasema ya kushika mpaka Jumamosi jioni. Akasema gundi haijui siku. Mtu mvivu wa kufikiri. Nikachukua ile ya kidogo.

Alhamisi, 6 Agosti

Kamati imekuja. Mwenyekiti wake ni mkunga mstaafu, amewazalisha nusu ya wachezaji wa mkoa na anawaita wote "mtoto wangu". Alivaa miwani, akasoma kitako kizima kama cheti cha kuzaliwa. Kwenye kibati cha mwisho akasimama. Akasema mbona hiki kimetuna. Nikasema ni shaba nzito, kwa heshima ya mabingwa watetezi.

Akaweka tiki. Nimepita!

Lililonishangaza ni Shemeji. Alilitazama jina la timu yake, akafuta macho kwa ukingo wa shati, akanikumbatia. Akasema hakudhani ningelichonga vizuri hivi. Jioni akaleta maini nyumbani. Mke wangu akasema tangu nimuoe hajawahi kutuona mimi na kaka yake mezani bila kununiana. Nilijisikia vibaya kidogo. Maini yalikuwa laini sana.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimemtembelea Mikono. Nikamwambia kesho avae koti, kuna kitu kwa ajili ya vidole vyake. Akauliza kitu gani. Nikasema katibu ana siri zake.

Akanisimulia tena fainali zake tatu, na mimi humwacha. Ya kwanza ilifika jioni bila goli, taa hazikuwapo, refa akarusha sarafu. Mikono alichagua kichwa, ikaanguka upande wa pili. Ya pili mpira ulipasuka karibu na mstari, nusu yake ikaingia golini, refa akahesabu goli zima. Ya tatu walifungwa tu, kihalali, na hiyo ndiyo inayomuuma zaidi kwa sababu hana wa kumlaumu. Alisema angependa kulishika kombe mara moja lingali zito. Nikamwuliza maana yake. Akasema kombe huwa zito siku ile ile tu.

Nimerudi nyumbani na hamu kubwa.

Jumamosi, 8 Agosti

Naandika jioni. Mwandishi wa shajara lazima awe mkweli.

Kitako kiliwekwa juu ya meza kando ya uwanja, juani. Sikulifikiria jua.

Dakika ya kumi Machinjioni wakapata goli. Shemeji akacheza. Kabla ya mapumziko mshambuliaji wetu, Kiberiti, akasawazisha. Kipindi cha pili akafunga tena. Mbili kwa moja! Kama nilivyochonga! Watu walirukaruka, mimi nilikaa nimetulia kama nabii.

Halafu, dakika za mwisho, refa akatupatia penalti.

Upande wetu wote ulifurahi isipokuwa mimi. Tatu kwa moja ingeharibu kibati. Nilikimbia pembeni ya mstari nikimpigia Kiberiti kelele apige nje. Hakusikia. Nikasogea. Nikamsihi kwa jina la mama yake apaishe. Akanitazama, akatazama mpira, akanitazama tena. Akaupiga nao ukapita juu ya mwamba, ukaenda hadi kwenye mabomba ya maji. Nilirusha kofia hewani. Ni mimi peke yangu wa upande wetu niliyeshangilia. Mshika kibendera aliniangalia kwa muda mrefu.

Filimbi. Stesheni mabingwa! Mara ya kwanza! Watu wazima walilia. Nahodha wetu hakuliinua kombe. Alimpelekea Mikono akamwekea mikononi. Mzee akalikumbatia, akacheka, akasema kweli ni zito. Nami nililia. Sikuwahi kumuona akicheka hivyo.

Ndipo Mama Mkunga, kipaza sauti mkononi, akaomba kitako kiletwe kiunganishwe na kombe. Nilitaka kukibeba mimi, nibandue njiani. Shemeji akawahi. Alishindwa kiungwana, nakiri. Alikibeba kwa mikono miwili. Alipokiinamisha, kibati cha Machinjioni kikateleza taratibu kwenye gundi iliyoyeyuka, kikadondoka kwenye kiatu cha Mama Mkunga.

Yeye akainama kukiokota. Shemeji akaona cha chini, akakauka. Mikono hakujua lolote. Alinyoosha kidole mpaka kwenye ile nafasi aliyoizoea, akakuta si tupu tena. Akasoma herufi kwa herufi, uso unang'aa, kipaza sauti kikiwa karibu na mdomo wake.

"Stesheni," alisema, na uwanja wote ukasikia. "Mwaka huu. Mbili kwa moja."

Akauliza nani amechonga haraka namna hii. Wote walinigeukia.

Jumapili, 9 Agosti

Kikao cha Kamati, shule ya msingi, madawati ya watoto. Magoti yangu yaligusa kidevu.

Nilieleza kila kitu kwa utaratibu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana mbaya. Mshika kibendera alisema alinisikia nikimwomba mchezaji wangu akose penalti ili matokeo yabaki yalivyo. Nikasema ni kweli, lakini nia ilikuwa safi. Kiberiti alisema aliteleza. Kisha akasema hakuteleza. Shemeji hakupiga kelele, na hilo lilinitisha. Aliweka kile kibati chembamba mezani akasema alilia kwa ajili yake mbele ya Kamati.

Mama Mkunga akasema amepokea watoto wengi kabla ya wakati lakini bingwa kabla ya wakati ni wa kwanza. Uamuzi: ushindi umefutwa. Fainali irudiwe Jumamosi ijayo. Vibati vyote viwili ving'olewe, cha Machinjioni kichongwe upya kwa shaba nene. Mimi nisikanyage uwanjani, na ukatibu nimevuliwa.

Mikono alilirudisha kombe mwenyewe. Alikataa kusaidiwa, akapapasa njia mpaka mezani. Kisha akasema bila hasira:

"Fainali ya kwanza niliporwa na giza. Hii nimeporwa na katibu wangu."

Nilimfuata nje nimshike mkono tuvuke barabara. Akasema anaijua njia.

Jumatatu, 10 Agosti

Sikulala vizuri. Ile sauti yake. Mke wangu amenipikia uji na hajauliza hata habari za jino.

Lakini mtu lazima atafakari na kupata funzo. Nimetafakari asubuhi nzima, nimelipata. Kosa lilikuwa gundi. Fundi viatu ana la kujibu.

Na habari njema. Kwa kuwa hakuna mchongaji mwingine mjini, Kamati imeniagiza mimi kibati kipya cha Machinjioni. Nafasi ya mwisho imekwisha, hivyo seremala anatengeneza kitako kipya, nacho kitapita kibandani kwangu nikipige msasa. Kitapita kabla ya Jumamosi! Safari hii sibandiki kitu juu ya kitu. Nitachonga kwenye mbao yenyewe, upande wa chini, ambako macho hayafiki na kidole cha Mikono kitafika. STESHENI, 3–1. Mzee atacheka tena.

Uwanjani siruhusiwi, kwa hiyo sitaweza kupiga kelele. Hilo nalo nimelifikiria. Kesho asubuhi nakwenda kumwona Kiberiti nimwambie idadi ya magoli mapema, ili asije akachanganyikiwa tena.