Namba ya Pikipiki ya Marehemu Hamoud

Jumatatu, 1 Juni 1998

Leo tena! Nimeegesha gari mbele ya duka la mboga la Yogesh, hapa hapa Tooting. Akatoka nje na aproni yake, akaniita mbele ya wateja: "Karibu, Bwana Dudu!" Sababu ni kibao cha Nissan yangu, F832 DUD. Miaka minne natembea na mdudu mbele na nyuma. Gari lake yeye namba inaanza na YOG. Hulipangusa kila asubuhi kama mtoto mwenye makamasi. Wateja wakacheka. Nami nikacheka. Nikanunua mbatata nisizozihitaji. Aibu tupu.

Jumatano, 3 Juni

Bi Mwanamwema, mjane wa marehemu Hamoud, kaniomba nimtolee ngazi bandani. Anakaa juu kabisa ya mtaa wetu. Nimeitoa. Nyuma yake, chini ya turubai, pikipiki ya mwaka 1957! Kutu, utando wa buibui, tairi zimelala. Lakini namba yake: SUD 46. Soud! Jina langu! Pamekosekana O tu. Nikaiachia ngazi, ikaniangukia mguuni.

Bi akaja mbio na barafu. Akanikalisha, akanihadithia. Hamoud aliinunua mwaka 1966, wao wageni huku ughaibuni, wametoka Unguja baada ya mapinduzi, hawamjui mtu. Usiku wa kuzaliwa binti yao teksi haikupatikana. Hamoud alimpakia Bi nyuma, uchungu umeshamshika, mpaka hospitali. Nikasema mashallah, mashallah. Macho yangu yalikuwa kwenye kibao.

Ijumaa, 5 Juni

Nimepiga simu ofisi ya usajili. Inawezekana! Namba hutolewa kwenye pikipiki ikatiwa kwenye gari, na pikipiki ikapewa namba nyingine. Masharti: kadi iwe sawa (iko sawa, binti yao aliihamishia jina la mama yake), mwenyewe atie saini, na pikipiki iwe inatembea kwa injini yake. Mkaguzi anaweza kuja kuhakikisha. Hilo la mwisho nimeliandika kwa herufi ndogo sana.

Baada ya swala nikapeleka fomu kwa Bi. Ningeweza kumwambia kweli. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema ni karatasi za kuitengeneza pikipiki. Kiingereza hakisemi wala hakisomi. Akavaa miwani kwa heshima ya karatasi, akatia saini taratibu, akaniombea Mungu anipe mwisho mwema. Nikaitikia amin.

Jumatano, 17 Juni

Msiba! Mkaguzi anakuja kesho saa nne asubuhi. Nimebadilisha plagi, mafuta, tairi. Nimesoma hata Ayatul Kursiy juu ya tangi. Injini haijakohoa. Bi kila siku ananiletea chai na vitumbua bandani, anasema mkono wangu kama wa Hamoud. Naona haya kuvila. Nakula vinne.

Nimepata njia, lakini. Mtaa wetu una mteremko. Pikipiki ikianza juu, chini itafika, injini ipende isipende. Mlio nitautoa mwenyewe ndani ya helmeti.

Alhamisi, 18 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye ubao wa karatasi. Nikamwomba asimame chini, penye kona. Nikapanda, nikajisukuma kwa miguu. Brrrrr! Brrrrr! Mwanzo ikaenda vizuri mno. Kisha ikaenda kasi. Nikakamata breki. Breki gani? Nikampita mkaguzi, bado nanguruma kwa mdomo, nikaingia katika makasha ya bamia ya Yogesh, ambaye duka lake liko pale pale konani.

Halafu huko juu mtaani, kigelegele! Bi Mwanamwema anateremka na kandambili, analia na kucheka, anapiga makofi. "Imetembea! Pikipiki ya Hamoud imetembea!" Akanikumbatia na bamia zangu mabegani.

Mkaguzi akainama, akagusa injini. Baridi kama samaki wa barafu. Akaniuliza swali moja tu: je, huyu mama anajua kwamba namba inaondoka? Akataka nimfasirie. Mimi!

Nikamgeukia Bi, nikamwambia mgeni anauliza kama amefurahi. Bi akasema sana, sana. Nikamwambia mkaguzi: anajua, anakubali.

Yogesh alikuwa anaokota bamia. Nilisahau! Mtu wa Mombasa, Kiswahili anakijua kunishinda. Akainuka polepole. "Mama," akamwambia Bi, "huyu anataka kung'oa namba ya mzee aitie kwa gari lake. Ile karatasi ulotia sahihi ndiyo hiyo."

Bi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Akapangusa kiti cha pikipiki kwa ncha ya mtandio.

"Ungeniomba, Soud," akasema. "Ningekupa."

Mkaguzi akaandika neno moja kwenye fomu, la kukataa, akaenda zake. Yogesh akanisaidia kuipandisha pikipiki mlimani. Njia nzima hakuniita Dudu. Aliniita Soud. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 19 Juni

Nimekwenda kuomba radhi. Nilisimama mlangoni kwake robo saa kabla ya kubisha. Bi akanisamehe kabla sijamaliza sentensi, akanipa chai. Vitumbua hakuleta. Akasema namba itabaki pale ilipo, na siku yake ikifika, itamfuata binti. Yogesh keshamleta fundi wa kweli kutoka Lewisham. Kutoka bandani nikaisikia pikipiki ikikohoa, mara moja, mara mbili, kisha ikanguruma. Bi akaacha kikombe akaenda. Nikamaliza chai yangu peke yangu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Naapa mbele ya Mola: namba za watu sizitaki tena. DUD ndiyo riziki yangu.

Jumapili, 28 Juni

Nimekwenda Tottenham kutembea tu. Kutembea! Nje ya nyumba moja nikaona skuta kuukuu, imefunikwa nusu kwa zulia. SOU 9. Wallahi sikuitafuta. D tu ndiyo haipo!

Mwenyewe ni Mzee Zephaniah, Mkenya, mgane, mtu wa kanisa, mkarimu kupita kiasi. Macho yana mtoto wa jicho, barua zake zimejaa mezani hazijafunguliwa. Namba sikuigusia hata kidogo. Nimejitolea tu kuwa nakwenda kumsomea kila Jumapili, na kumwonesha pa kutia saini.

Thawabu haichagui dini.