Suruali ya Nassir na Siku Iliyoliwa na Theluji

Sogeeni, enyi waungwana wa Bellevue, Johannesburg, mnaolala watano katika chumba cha mmoja! Nyamazisheni simu, acheni chai ipoe, maana yanayosimuliwa hapa si ya falme wala ya majeshi, bali ya jambo zito kuliko hayo yote: suruali moja ya buluu, kiuno thelathini na nne, na shujaa aliyeikausha.

Nassir bin Hamadi, Simba wa Chumba Namba Tatu, Fahari ya Tanga ughaibuni, alikuwa ametafuta kazi miezi mitano mfululizo. Jumatatu ya wiki ile kampuni moja ya ulinzi ilimkubali hatimaye, ikamkabidhi sare iliyokwisha kuvaliwa na mwingine, yenye doa la mchuzi pajani. "Gwaride ni Alhamisi saa nane mchana," aliambiwa. "Asiye na sare safi asihangaike kuja." Basi Jumanne, siku ya zamu yake kwenye kamba ya uani, aliifua kwa ghadhabu takatifu, akaianika na kuisomea dua.

Ndipo mbingu zilipomgeuka. Majira ya baridi yalikuwa yanafungasha virago, watu wameanza kukunja mablanketi, na hapo hapo theluji ikaishukia Johannesburg bila hodi. Ikavunja matawi, matawi yakakata nyaya za umeme, na pasi zote za mtaa zikageuka vyuma vya bure. Jumatano jioni Nassir alitoka kuikagua suruali yake. Ilikuwa ngumu, imenyooka, haidondoshi hata tone. Naye, ambaye hakuwahi kujua barafu ila ile ya kunyonya kwenye kifuko cha plastiki, alifurahi kupita kiasi.

"Imekauka!" alinguruma, vyumba vyote vikasikia. "Tena imekauka kifalme, kana kwamba imetiwa wanga!"

Akaianua, akaibeba begani mithili ya ubao, akaisimamisha kwenye kona karibu na hita ya mafuta ya taa, akalala usingizi wa washindi. Asubuhi ya Alhamisi aliikuta imeanguka kifudifudi katikati ya dimbwi. Nassir aliona aibu, kisha akaogopa kwelikweli, kwani miezi mitano ile ilikuwa inatiririka mbele ya macho yake kuelekea mlangoni.

Redio ya betri ya jirani nayo ikatoa hukumu yake: jua hadi saa saba mchana, baada ya hapo mawingu na upepo mkali wa kusini, jioni baridi nyingine, Ijumaa manyunyu, joto litarudi Jumapili.

"Jumapili!" alilia shujaa. "Mtu wa Alhamisi aifanyie nini Jumapili?"

Sasa jueni kwamba katika ua ule ukuta una nyaya za miiba, lango lina kutu, na dirisha la Nassir linatazama choo. Kamba ni moja tu, na kila chumba kina siku yake. Alhamisi ilikuwa ya Jeanne wa Bukavu, Malkia wa Misuko, ambaye alikwisha kutoka na beseni la taulo ishirini za saluni, vibanio vimejaa mdomoni kama risasi.

"Dada Jeanne, uliye mwema kuliko wasusi wote!" Nassir alianza, suruali ikimdondokea viatuni. "Jumanne ilikuwa yangu, nami sikuila. Imeliwa na theluji! Nirudishie hatua moja tu ya kamba, nisije nikapoteza kazi ambayo hata sijaianza."

Jeanne alitema vibanio. "Kaka Nassir, theluji haiko mpangaji wa hapa. Na jana jioni si ni weye mwenyewe ulianua? Si ulisema imekauka? Watu wote walisikia, hata wale wa ng'ambo ya barabara. Non, bwana. Taulo zangu ziko ishirini, na wateja wanakuja."

Pigo lile lilimwingia Nassir mbavuni, kwa kuwa lilikuwa kweli tupu. Ikabidi aitwe Mama Valeria, Mtunza Orodha ya Zamu, mzaliwa wa Morogoro aliyemfuata mumewe wa Afrika Kusini alipotoka uhamishoni Tanzania kurudi kwao, akaishi katika ua ule miaka thelathini. Alikuja na blanketi mabegani, akasoma orodha iliyobandikwa mlango wa jikoni.

"Eish," alisema. "Sikilizeni, wanangu. Mvua hairudishi zamu, kwa sababu mvua tunaijua, na anayeanika akiiona inakuja ana lake. Lakini theluji hatukuiandika humu. Nassir hakudanganya; alidanganywa. Apewe hatua moja, mwisho wa kamba, kule kwenye kivuli. Ila kwa kuwa ameshaonyesha kwamba hajui kikavu ni kipi, atakayeamua kama imekauka ni Jeanne."

Hukumu ikapita. Suruali ikapanda. Saa tano ilichuruzika, saa sita ikafuka mvuke, na saa saba kamili, kama redio ilivyoapa, mawingu yalifunika jua huku kiuno na mifuko bado vimeloa chapachapa. Jeanne alikuja, akakigusa kiuno kwa shavu, akatikisa kichwa. Nassir aliketi juu ya ndoo, akajiinamia.

Hapo ndipo upepo wa kusini ulipovamia ua. Taulo ishirini zilirushwa juu kwa mkupuo, kamba ikalia, kibanio kimoja kikaruka, na suruali ikaanza kujinasua. Shujaa akachupa! Aliukamata mguu wa kushoto. Ule wa kulia ukampiga teke la uso, ukarudia tena, naye hakuachia. Adui yule aliyetangazwa redioni alivuma mifukoni, akaingia kiunoni, akatokea miguuni, na kwa nusu saa nzima akafanya kazi ambayo jua la asubuhi lilishindwa kuimaliza.

"Jeanne!" alipaza sauti. "Njoo uhukumu!"

Jeanne alikuja akiwa amekumbatia taulo zake. Akaweka shavu kiunoni, akaingiza mkono mfuko mmoja, akaingiza wa pili.

"Imekauka," alisema, kisha akamsukuma. "Sasa kimbia, kaka! Unangoja nini?"

Alivaa akikimbia. Saa nane kasoro dakika mbili alisimama katika safu, jicho limevimba kwa mateke. Msimamizi Sipho alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akapitisha macho pajani, akasema neno moja la mjini la kukubali: "Sharp." Jina la Nassir likaandikwa.

Na ikumbukwe katika tarehe za Johannesburg, wajukuu wafundishwe: baridi ya pili iliingia mjini saa kumi na mbili jioni, kama ilivyotabiriwa, ikamkuta Nassir bin Hamadi langoni, kazini, miguu mikavu.