Milksheki ya Wakwe wa Kamenge

Leo nimejiaibisha mbele ya wakwe ambao bado hawajawa wakwe, na baada ya leo sidhani kama watakuwa. Nawaandikia nyinyi mlio ng'ambo kutoka saiba ya mjini, shavu limevimba, pamba mdomoni. Bwana wa kompyuta ya pili ananitazama kwa huruma. Anadhani nimepigwa. (Heri ningepigwa.)

Spesi, wewe uliye Kanada, soma kwa makini, maana resepi ilikuwa yako.

Deo mnamjua kwa barua zangu. Mnajua pia kwamba yeye ni wa Kamenge na mimi ni wa Musaga, mitaa miwili ya mji mmoja. Watoto wenu waliozaliwa huko mbali wakiangalia ramani wataona safari ya teksi moja. Tangu vita vianze, watu wa upande wao hawaji kwetu, sisi hatuendi kwao, na kila upande una wafu wake. Sisi tuna picha ya kaka yangu ukutani. Shangazi yake Deo ni mjane tangu mwaka wa kwanza wa vita. Mimi na Deo tumependana bandarini, ofisi zetu zikiwa jirani, kwa sababu bandarini kila mtu anaruhusiwa kufika.

Sasa mama yake akakubali kuja kwetu. Hakuja kuposa. Alikuja kuona nyumba na watu tu, yeye na shangazi, na akiridhika ndipo wazee wao wangekuja kuniomba rasmi. Nilitaka sana yule mama aridhike. Naomba mlishike hilo kabla hamjaanza kucheka.

Tatizo likawa kinywaji. Mama yake Deo ameokoka, bia hagusi. Ana ugonjwa wa sukari, soda hagusi. Chai hunywewa hata na mtu aliyekuja kudai kodi, na mimi nilitaka kitu cha heshima. Ndipo nikakumbuka barua ya Spesi: milksheki ya biskuti. Maziwa, aiskrimu, na zile biskuti nyeusi zenye krimu nyeupe katikati, vyote vinasagwa pamoja. Biskuti zenyewe zinashuka bandarini kwetu na boti za Kigoma, kwa hiyo nikajiona nimeshafika.

Nikaamua kuifanya ya afya. (Daktari mimi.) Aiskrimu nikaitoa, nikaweka ndizi mbivu zilizoganda kwenye friza ya baa ya jirani. Sukari sikutia hata punje. Na krimu ya biskuti, ambayo ni sukari tupu, nikaikwangua kwa kisu, biskuti moja baada ya nyingine, mahali pake nikatia mtindi mzito.

Mnauliza krimu niliyokwangua ilikwenda wapi. Jamani, miaka yote hii tumejifunza kutotupa chakula. Niliila. Niliilamba sahanini mpaka sahani ikang'aa, mgonjwa wa sukari nikamwepusha na hatari, hatari yote nikaimeza mimi. Asubuhi jino langu la nyuma, lile bovu ninaloahidi kila mwezi kuling'oa, likaamka kabla yangu. Likikutana na kitu cha baridi, naona nyota mchana. Kwa hiyo milksheki yangu sikuionja hata kwa ncha ya kijiko.

Nikaanza kusaga. Umeme ukakatika katikati, kama kawaida ya umeme wetu, nikamalizia kwa mwiko. Mama akaingia jikoni, akachungulia bakuli.

"Hii ni saruji?"

"Ni maziwa, mama. Rangi ni ya biskuti."

"Mugeni wa Kamenge, mara ya kwanza, unamupelekea kitu ya rangi hii? Leta chupa, mutoto wangu. Hata asipokunywa, chupa iko imefungwa."

"Mama, hawa ni watu wa kanisa. Na tutakuwa ndugu."

"Haya, ndugu," akasema, akaenda kubadilisha kitenge.

Wakaja. Deo alivaa shati jeupe, anatembea nyuma ya mama yake kama aliyebeba mayai. Mama mwenyewe ni mwembamba, mpole, anaongea taratibu. Shangazi Venansia ni mnene, haongei, anaangalia. Aliangalia mlango, dirisha, kisha mlango tena. Baba akawakaribisha viti vizuri. Mazungumzo yakaanza kwa mvua, yakaenda kwenye bei ya maharage, na mvua na maharage havina upande, kila mtu akapumua.

Kisha mama yake Deo akasimama mbele ya picha ya kaka yangu. Akauliza jina lake. Baba akamwambia. Akalitaja lile jina kwa sauti ndogo, akasema, "Pole, baba. Na sisi tunazo picha." Akarudi kukaa. Mama yangu akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nami nikasema moyoni, imekwisha, tumepona, nikakimbilia jikoni.

Hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Mnaijua desturi yetu: kinywaji cha mgeni hufunguliwa mbele ya macho yake, na mwenye nyumba huonja kwanza. Ilikuwepo tangu mababu, na vita vimeifanya kuwa sheria. Naijua tangu nikiwa mtoto. Hata ofisini sinywi soda iliyofunguliwa nisione. Lakini leo nilikuwa na furaha, na furaha ilinitoa akili. Nikamimina jikoni. Nikapanga glasi kwenye sinia, za wageni peke yao, kwa sababu baba na mama hawapendi vitu vya baridi na walishachukua chai, na mimi nilikuwa na jino langu. Nikaingia natabasamu.

Sasa jiwekeni mahali pao. Mko Musaga. Mnaletewa kitu cha kijivu, kimeshamiminwa, kina chembe nyeusi zinazoelea. Wenye nyumba wanakunywa chai. Ukutani kuna picha ya mtoto wao aliyeuawa na watu wa upande wenu, na msichana anasema, "Karibuni, nimeitengeneza mwenyewe."

Hakuna aliyegusa. Mama yake Deo aliitazama glasi, akanitazama mimi, akatazama mikono yake.

"Ni nini?" shangazi akauliza. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

"Maziwa, shangazi. Ni ya afya. Haina sukari."

"Na nyinyi, hamukunywe?"

"Sisi tuna chai."

Nilipojisikia nikisema hivyo, nikaelewa. Nikamtazama Deo, maana yeye alikuwa karibu na sinia kuliko wote. Akanyoosha mkono, akaishika glasi yake. Akamtazama shangazi. Akaizungusha kidogo pale mezani, akaiachia.

"Apana kukasirika, binti," akasema mama yake, na kweli alisema kwa upole. "Kwetu mwenye nyumba ndiye anaanzaka. Onja kidogo tu."

Mtu mwenye akili angesema, "Mama, nina jino bovu." Lakini hebu fikirini: umwambie mgeni wa Kamenge kwamba kinywaji ulichompa wewe huwezi kukinywa. Kwa hiyo nilisita. Kidogo tu. Shangazi aliona kule kusita, akashika mkoba wake. Nikachukua glasi ya mama yake Deo, nikafumba macho, nikapiga funda kubwa la kuonyesha mapenzi.

Kipande cha ndizi iliyoganda kikaenda moja kwa moja kwenye jino. Jamani. Nilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Glasi ikaanguka. Nikashika shavu, nikapiga goti kwenye zulia, machozi na mate yananitoka, povu la maziwa kidevuni. Kijivu.

"Uburozi!" shangazi akapiga kelele. Sumu! Alishafika mlangoni kabla neno halijaisha.

"Mupeni maziwa!" akasema baba, maana sumu dawa yake ni maziwa, kila mtu anajua.

"Maziwa yote iko humo!" akajibu mama, akionyesha sinia.

Mimi nikawa najaribu kusema "jino". Lakini kwa mdomo ule ilitoka "iyo", na kidole changu kikawa kinaelekea upande wa glasi, wakaona ninathibitisha. Kwa muda mrefu hakuna aliyenisikia. Hatimaye mama akanifungua mdomo kama mbuzi wa sokoni, akaonyesha watu wote lile jino. Mama yake Deo akachungulia. Akaona. Akasema, "Aa, maskini, limeoza kweli." Hivyo ndivyo nilivyojulishwa kwa mama mkwe wangu.

Mngedhani hapo wangecheka, wakae. Mimi nilicheka kwanza, ili kuwafungulia njia. Hakuna aliyepita. Shangazi akabaki amesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Mjane yule hakuwa anaigiza, nami sikuweza kumkasirikia, ingawa nilijaribu.

"Vraiment, muda imekwenda," mama yake Deo akasema. "Tusikutwe na kuvrefe."

Ilikuwa saa sita mchana. Amri ya kutotoka nje, hiyo kuvrefe, inaanza usiku. Baba akaitikia kwa adabu zote kwamba ndiyo, barabara si nzuri, na akawasindikiza kwenye jua la utosi. Langoni Deo akaninong'oneza, "Unajua vile iko." Nikajibu kwamba najua.

Nikarudi kuokota vioo. Mama yake Deo na shangazi niliwaelewa. Wale hawanijui. Mimi mwenyewe, ningekuwa mgeni Kamenge, nisingekunywa. Lakini kulikuwa na glasi iliyobaki mbele ya kiti cha Deo, imejaa mpaka ukingoni, na mimi na Deo tumekula sahani moja bandarini kila mchana tangu tujuane.

Nilipobeba sinia kwenda jikoni, baba akanifuata, akaninyang'anya. Akazinywa zote, amesimama, moja baada ya nyingine, ya Deo ikawa ya mwisho. Baba hapendi baridi. Akajifuta sharubu, akasema imekosa sukari.

Nikaenda kung'oa jino. Sasa niko hapa, na simu ya mkononi inalia tena, ni Deo. Chekeni basi, nawaruhusu, ila akiwauliza mwambieni sipokei kwa sababu ya jino.