Nani Anakula Mtandao wa Kiwanda?

Jumatatu, 23 Machi 2026

Bando la ofisi limekwisha tena. Wiki ya tatu hii! Meneja wetu, Mama Ritha, alikuwa kwenye kikao cha video na wanunuzi wa mafuta ya alizeti, uso wake ukaganda mdomo wazi. Wanunuzi wakakata. Akashuka mwenyewe hadi kwenye kachumba ketu ka TEHAMA. Akatangaza kwamba atakayemleta mla mtandao ifikapo Ijumaa, kwa ushahidi na si kwa porojo, ndiye Mkuu wa Kitengo.

Kitengo kina watu wawili. Mimi, Thobias, mkongwe wa hapa Kizota. Na Munira, binti wa Kondoa, bado yuko kwenye majaribio, ana adabu ya kuudhi. Ananiamkia shikamoo mbele za watu ili nionekane mzee.

Cheo lazima nikipate. Mama mkwe alikuja kututembelea Krismasi, akanogewa, yupo hadi leo, na nimeshamwambia kwamba Mkuu ni mimi.

Jumanne, 24 Machi

Bando jipya limeingia, nami nimeanza kunasa. Kila kinachopita kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, kinanakiliwa kwenye kompyuta yangu: kifaa gani, lini, kiasi gani. Nikamwambia Munira hii ni kazi ya kipelelezi, asiguse. Akauliza kama nimehakiki saa ya ruta. Saa! Watu tunatafuta mwizi, yeye anauliza saa. Nikamjibu kwamba ruta ile niliiweka mwenyewe kwa Kiswahili mwaka jana, menyu zote, basi na saa zake ni za Kiswahili. Akarudi kwenye printa. Nilimweza!

Ni kweli, na mimi hupakua. Nawahi saa moja asubuhi kabla ya watu, navuta tamthilia za Kituruki za mama mkwe kwenye simu, kisha naizima. Vipande vichache tu. Mkwe hanyimwi. Ninayemtafuta mimi ni mlafi.

Jumatano, 25 Machi

Nimempata! Mchana nimefungua rekodi. Kifaa namba 23 kimebugia mtandao wa kutisha, na ruta imeandika 4. Saa nne! Saa nne asubuhi kiwanda kizima tuko kwa mama lishe, chapati na supu. Nani anabaki ofisini? Munira. Anafunga sita za Shawali, chai haigusi.

Nikatazama namba 23 ni ya nani. Kompyuta ya Munira! Nilipiga meza kwa furaha hadi kikombe kikaanguka. Majaribio yake yameishia hapa. Nitamkosa kidogo, maana ndiye anayejua kurekebisha printa.

Alhamisi, 26 Machi

Mtego. Saa nne nimeacha supu ya utumbo nusu bakuli (imeniuma mno) nikanyata hadi dirishani. Munira anachapa barua. Mtandao umetulia tuli. Amesikia viatu vyangu akaacha! Mjanja kweli.

Jioni rekodi inasema yaleyale: namba 23, saa nne. Kwa hiyo alikuwa anakula huku akijifanya anachapa. Nimetia ushahidi kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, bahasha nikaipiga mhuri wa kampuni sehemu tatu. Abeli wa uhasibu amelalamika kwamba mhuri si wa kuchezea. Wivu.

Ijumaa, 27 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa hadi wapakiaji wa madumu. Nikarusha rekodi ukutani, nikasimulia supu, mfungo, namba 23. Nikamnyooshea Munira kidole. Akavuta kiti chake nyuma, nikaona vizuri, nikaendelea.

Mama Ritha akamwuliza ana la kusema. Akasimama. Akaanza na samahani kaka Thobias, kama kawaida yake. Akasema ruta haijui Kiswahili cha saa hata ukiibadilishia menyu; huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tena saa yake haikurekebishwa tangu ruta inunuliwe, inafuata saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu. Nne yake kwetu ni saba ya Kizungu, yaani saa moja asubuhi.

Nikasema, basi saa moja! Namba ni ileile!

Akasema namba haina mwenyewe. Ruta humgawia anayeingia, akitoka humpa mwingine. Yeye hufika saa mbili. Kabla ya hapo alikuwa nayo nani? Kisha akasema simu ikibisha hodi kwenye ruta hujitaja jina, na jina limo humohumo kwenye rekodi niliyoinasa. Akasogeza mshale. Ukutani yakatokea maandishi makubwa: THOBIAS MKUU MTARAJIWA.

Niliipa simu hilo jina mwenyewe, Januari.

Wapakiaji walicheka hadi wakaketi sakafuni. Mama Ritha hakucheka. Alisema, "Thobias, ushahidi wako ni mzuri sana. Umenitosha." Munira ni Mkuu. Mimi Jumatatu naripoti ghala la Chemba, kuhesabu magunia matupu hadi msimu wa alizeti ufike. Nimeaibika hadi masikio yanawaka. Mama mkwe nimemwambia natumwa kukagua tawi.

Jumatatu, 30 Machi

Chemba. Vumbi, ng'ombe wa mnada, magunia. Hakuna ruta. Msimamizi ni Mzee Matonya, mtu mpole. Nilipomwamkia nikamjulisha kwamba mimi ni mtaalamu wa uchunguzi wa mitandao kutoka makao makuu. Akafurahi, akaniruhusu nitumie bando la simu yake kutuma ripoti.

Ripoti nimetuma. Pia nimevuta vipande viwili vya tamthilia, maana mama mkwe alikuwa ameachwa pabaya. Vitatu. Vifupi.

Jioni Mzee amenijia kwa unyonge. Bando lake la mwezi mzima limeyeyuka kwa siku moja, haelewi. Nimemshika bega, nikamwambia asihangaike, amebahatika nipo. Uchunguzi umeanza. Paulina wa mizani ana simu mpya, na leo mchana alikuwa anatabasamu peke yake.