Ufunguzi Usioshindika

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kupumzika wikiendi moja. Sasa ni miezi. Kakalia kiti changu, kavaa kandambili zangu, ananikosoa ninavyokata vitunguu. Leo nimemtega: tucheze sataranji Jumamosi. Akishindwa, afungashe virago. Akishinda, achukue chumba chetu cha kulala. Kakubali huku akipiga miayo. Mke wangu kauliza kama nina akili timamu. Nina zaidi ya akili. Nina mkakati!

Jumanne, 4 Machi
Nimeupata kwenye video moja simuni: ufunguzi wa sataranji usioshindika! Unamtupia mpinzani askari wa bure. Anamla kwa uroho. Hapo farasi wako na malkia wako wanamvamia, kwisha habari yake. Na Shemeji kwa kula hana breki.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi kazini, nyuma ya mafaili. Mkuu wa idara kanifuma. Nikamwambia ni mpango kazi. Akasema mpango kazi wangu umemwacha mfalme wazi. Wivu tu.
Jioni nikamsihi mke asimpikie kaka yake, njaa imzidishie uroho. Akapika sufuria kubwa zaidi. Damu nzito kuliko maji. Mimi ndiye maji.

Jumamosi, 8 Machi
Mke kawa refa. Nikamsogeza askari wangu mbele, nikajifanya nimekosea, hadi nikajipiga kofi usoni. Shemeji akamtazama yule askari, akasema ameshiba. Akasogeza askari wake wa pembeni kabisa. Hilo halikuwemo kwenye video! Mstaarabu gani anacheza hivyo? Nikaendelea na mpango vilevile, mwanamume habadiliki. Malkia akaliwa. Farasi akaliwa. Nikaomba kurudisha hatua, mke akasema maji yakimwagika hayazoleki.
"Mfalme hana pa kwenda, Shem," Shemeji akaniambia. "Na wewe pia."
Mke akacheka. Mke wangu wa ndoa!

Jumapili, 9 Machi
Nimeamkia kwenye kochi, shingo imepinda. Mke kalala na watoto, sikualikwa. Asubuhi kaingia mama mkwe na sanduku, kaja kumwona mwanawe wa kiume. Mgongo unamsumbua, kalitamani kochi. Nikamwambia tulichezee sataranji! Akishindwa, aondoke na mwanawe. Akishinda, kochi lake. Akajitetea kuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri. Alikuwa akicheza na marehemu mumewe tu, kila jioni, na mumewe hakuwahi kumfunga hata siku moja.
Maskini baba mkwe. Kumbe alikuwa mbumbumbu kiasi hicho!
Naanza na ufunguzi uleule.